Mtungi wa Plamu na Kipimo cha Maziwa

Njabini, Kinangop
11 Julai 2004

Kwa ndugu yangu Kuria,

Pokea salamu za baridi, mwezi huu hatuna nyingine. Ng'ombe wanatoa maziwa kidogo na kula kama wanaotoa mengi. Mzee wangu Waweru anakohoa tangu Mei ila hataki kuambiwa kwamba anakohoa. Kui binti yako hajambo. Bado anaishi nasi na anafundisha darasa la tatu hapa chini. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Waweru, naye huongea mle kama anahutubia baraza. Jambo likipita kwenye simu hiyo limeshafika sokoni. Barua nimempa Macharia wa lori la kabeji. Atakuachia kwenye kioski ya maziwa hapo Waithaka.

Sasa jambo lenyewe. Kui ameposwa. Kijana anaitwa Mwololo, Mkamba wa Machakos, kazi yake ni kupima mashamba. Watu wake wataleta mahari Jumamosi tarehe 18 Desemba. Kwa vile hawajui pombe ya wazee wetu hutengenezwa vipi, wameniomba kwa adabu niwaandalie, wao waje wakiwa wameibeba. Muratina sitapika, kina mama wa kanisa watanitoa kwenye kamati. Lakini nina divai ya plamu tangu Februari. Divai imo kwenye Biblia, kwa hivyo hakuna aliyesema neno. Iko kwenye pipa la plastiki, na wageni hawawezi kuingia kwa watu wakiviringisha pipa. Tunataka chupa zinazofanana, zilizofungwa vizuri. Wewe uko karibu na maduka yote ya Nairobi. Nichagulie mashine ya kufungia chupa.

Kuna lingine nitakaloliandika mara moja tu. Unajua baba wa msichana ndiye hupewa kikombe cha kwanza, na shughuli hufanyika kwake. Kaka yetu Karanja anasema ifanyike kwake Kinoo, na kikombe akishike yeye, kwa sababu ya yale ya kwa Janice. Sijamjibu.

Tafuta mashine.

Dada yako,
Wangu

*

Waithaka
25 Julai 2004

Kwa Wangu, mwana wa mama yangu,

Barua yako ilifika ikinuka kabeji na ikiwa na mkunjo wa mtu aliyeikalia. Huku ni wazima. Kazi ya kertaka bado ninayo, kutunza zile fleti za Kilimani: asubuhi nawasha pampu, mchana naambiwa maji hayapandi, jioni naeleza kwa nini. Kuku wamebaki saba. Waweru mpe asali na ndimu. Akisema hakohoi, mwambie ni chai.

Nimefurahi kusikia habari za Kui, ingawa nimezisikia pamoja na kabeji.

Yale ya kwa Janice umeyaandika kwa maneno machache na ni haki yako. Mwaka wa 1999 Karanja alinipa kazi ya kulinda vibuyu vya pombe siku ya mahari ya binti yake, nami nikavilinda mpaka vikabaki na maji niliyojazia. Wazee wa Gatundu walikunywa maji mbele ya watu mia mbili, wakanyamaza kwa heshima. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu mashine nimechanganyikiwa. Nilianza Kirinyaga Road, nikaomba kitu cha kufungia chupa za divai. Muuzaji akasema, "Niaje mzee, hapa tunafunga kila kitu," akaniletea spana ya bomba. Nikashuka River Road kwenye duka la vyombo vya hoteli, ndipo nikampata Zedekiah. Ni mtu wa makamo mwenye koti la kijivu na kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumwona akiandika. Alinieleza kwamba chupa hufungwa kwa njia tatu. Kuna kizibo cha gome, kinachosukumwa ndani na mashine yenye mikono miwili kama mtu anayesalimu amri. Kuna kifuniko cha bati kama cha soda, kinachobanwa na mashine nyingine, nayo ina mikono miwili vilevile. Na kuna kifuniko cha kuzungusha, ambacho hakina mashine, kwa hivyo hakukizungumzia sana. Jumatatu aliniambia gome ndilo la watu wa heshima. Jumatano nikirudi, magome yalikuwa yameisha dukani, akaniambia gome huoza.

Nikaamua kusoma mwenyewe. Karibu na barabara ya Tom Mboya, kwa wale wanaotandika vitabu chini, nilipata kitabu cha Kiingereza cha kutengeneza divai nyumbani. Mwandishi anaishi mahali ambapo divai hukaa gizani chini ya ngazi. Mimi sina ngazi. Ukurasa wa arobaini anasema sasa tutalinganisha mashine zote, faida na hasara. Kurasa zinazofuata zimechanwa mpaka wa arobaini na tisa, ambapo anasema kwamba kwa kuwa sasa jambo hili liko wazi kabisa, tuendelee.

Mimi niko sawa. Kui mwenyewe anasemaje kuhusu Kinoo na Waithaka?

Ndugu yako,
Kuria

*

Njabini
15 Agosti 2004

Kwa Kuria,

Sisi wazima, ila mvua ya mawe imepiga viazi. Waweru amekubali asali na kukataa kikohozi. Kamati ya kanisa imenifanya mweka hazina baada ya yule wa kwanza kuhamia kwa mwanawe, kwa hivyo sasa nasalimiwa na watu ambao hawakuwa wakinisalimu.

Sikukutuma uandike historia ya vizibo. Chagua kimoja. Kina Mwololo wameuliza mara mbili kama chupa zitakuwa tayari, na mama yake, Kanini, ni mtu wa kuuliza kwa upole mpaka unajisikia mwizi. Wasiwasi wangu ni kwamba utanunua kitu kisha tukijaribu Desemba kikatae. Kwa hivyo nimejaza mtungi mmoja wa lita ishirini kutoka pipani na kumpa Macharia. Jaribu mashine kwa divai yenyewe, si kwa maji. Na uionje kwanza uniambie kama imeiva, maana mimi pua yangu imezoea, kila kitu naona ni sawa. Mwalimu aliyetufundisha kutengeneza divai alisema isipomaliza kuchachuka halafu uifunge, chupa hupasuka. Sitaki chupa ipasuke mapajani mwa mzee wa watu.

Plamu za mwaka ujao zimeanza kutoa maua. Mti ule wa chini, mliokuwa mkiuparamia na Karanja, umeanguka.

Karanja alipita Jumapili. Hatukuzungumza mengi.

Wangu

*

Waithaka
19 Septemba 2004

Kwa Wangu,

Natumaini viazi vimeinuka. Hongera kwa uweka hazina. Huku tulikosa maji wiki nzima, na mpangaji mmoja wa Kilimani akaniuliza kama nimeomba. Nikamwambia kuomba si kazi ya kertaka, lakini naweza kupeleka ujumbe.

Mtungi ulifika. Macharia aliushusha kwa mikono miwili kama anayenikabidhi mtoto wa mtu. Niliuweka chumba cha mbele chini ya meza. Baadaye nikaona jikoni kuna ubaridi zaidi. Kisha nikakumbuka jiko lina moto, nikaurudisha. Nyumba hii ina vyumba viwili na mtungi umelala katika vyote, mara mbili mbili.

Mashine nilinunua, na hapo kosa ni langu. Zedekiah alikuwa amebaki na ile ya vifuniko vya soda tu, akanionyesha inavyobana, na kweli inabana: kak, basi. Nikarudi nayo nikiwa na furaha. Wakati huo huo nilikuwa nimekusanya chupa Kilimani. Watu wa pale hunywa divai Ijumaa na huficha chupa mpaka Jumatatu, kisha huzileta kwa pipa la taka zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, kana kwamba mimi sijui umbo la chupa. Nilipata sitini na mbili, nikaziosha na kuzichemsha. Kumbe kifuniko cha soda kinataka mdomo wenye ukingo wa kushikilia, na chupa za divai zina mdomo ulionyooka kama bomba. Zilizokubali ni nne, zile za divai ya mapovu ambayo watu hufungua kwa mlio. Nilipomrudia Zedekiah alisema, "Mashine haina shida, mzee. Ni chupa ndizo si zake." Amekubali kubadilisha, magome yakija.

Umeniambia nionje. Sikuonja, nilikuwa na mafua, na mwenye mafua hajui ladha. Nikamuuliza Nakhumicha, mpangaji wa orofa ya tatu, ambaye ni mpishi wa hoteli mjini. Yeye huja kuniuliza kuhusu maji na mimi humuuliza kuhusu divai, kwa hivyo tunaheshimiana. Akaniambia, "Onja tu, mzee, utajua." Nikataja mafua. Akasema basi kuna kipimo cha kioo kinachoelea, kama kile cha kupimia maziwa. Hicho nakijua. Nikaenda kwenye kioski ya maziwa nikaazima chao, nikamimina divai kidogo kwenye jagi, nikakitumbukiza.

Kilizama chote mpaka kikagonga chini. Kwa maziwa, wewe unajua hilo lina maana gani. Kwa divai sijui. Wewe ndiye mtu wa maziwa, nifafanulie.

Hukunijibu kuhusu Kui.

Kuria

*

Njabini
26 Septemba 2004

Kuria,

Hapa wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Napeleka maziwa kwa chama cha ushirika mwaka wa kumi na nne sasa. Kipimo kikielea vizuri, ni maziwa. Kikizama, mtu ametia maji, na karani haulizi mtu huyo alikuwa na mafua au hakuwa nayo. Anamwaga.

Mtungi umelala vyumba vyote. Hukuonja. Kipimo kimezama. Watoto wa Kui wa darasa la tatu wanaweza kujumlisha hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba umeniandikia mwenyewe, kwa ucheshi, kama vile mimi sikuwa kwa Karanja siku ile nikiwatazama wale wazee wakinyamaza. Nilikaa miezi miwili bila kumjibu Karanja. Sasa nimemjibu. Mahari itakuwa Kinoo na kikombe atashika yeye. Ukipenda kuja, njoo kama wageni wengine.

Kui nimemwambia. Usiniulize alisema nini.

Mashine ilete au usilete.

Wangu

*

Waithaka
24 Oktoba 2004

Kwa Wangu, mwana wa mama yangu,

Nakusalimu, pamoja na Waweru na kikohozi chake. Hii ni barua ya nne. Tatu nilizichana: moja ilikuwa kali, moja ilikuwa ndefu, na moja ilikuwa na uongo mdogo katikati ambao haukuwa na kazi yoyote. Macharia amepita mara tatu akiniuliza kama kuna kitu, nami nikimwambia bado.

Nitaanza na kipimo kwa sababu ndicho rahisi. Ulipoandika kuhusu maji nilirudi kwenye kitabu. Ukurasa wa kipimo umo, haukuchanwa. Unasema sukari ndiyo huinua kioo. Divai changa ina sukari nyingi, kioo husimama juu. Sukari ikigeuka yote kuwa pombe, divai huwa nyepesi kuliko maji, na kioo huzama. Sikutaka kuamini kitabu peke yake, maana tunajua tabia yake. Nikaazima tena kioo cha kioski. Kwenye maji ya mfereji kilisimama, kichwa kikatokeza upana wa kidole. Kwenye divai kikazama chote. Nikaongeza maji kwenye jagi lile la divai, kikaanza kupanda. Kwa hivyo, Wangu, kama ningetia maji, kingepanda. Kuzama ndiko kuiva. Divai yako imeiva tangu siku nyingi.

Usichukue neno langu. Azima kipimo cha karani wenu ukitumbukize kwenye pipa lako, ambalo mimi sijawahi hata kuliona.

Lililo gumu ni hili. Sikuwa na mafua. Sijaweka pombe mdomoni tangu tarehe 9 Machi mwaka jana. Sikumwambia mtu kwa sababu nimeshatangaza mara tatu maishani, mbili kanisani, na kila nilipotangaza nilianguka kabla ya wiki kwisha. Watu wakishaniambia hongera huwa nahisi kazi imeisha. Safari hii nikaona niifanye kimya, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Halafu ukanitumia lita ishirini na kuniambia nionje. Sikuelewa kama unanipima au umesahau nilivyo. Bado sielewi. Hilo limenichanganya kuliko mashine zote za River Road. Nilikuwa nikiuhamisha mtungi kwa sababu kila nilipoketi nilijua uko upande gani.

Mashine ya soda nimeirudisha. Nimechukua ya gome, na si kwa sababu ya heshima ya Zedekiah. Kifuniko cha soda mtu hufungua kwa meno, hata akiwa peke yake. Chupa ya gome inataka kile chuma cha kuzungusha, nami sina, wala sinunui.

Shughuli mkifanyia Kinoo, mimi nitaleta chupa mapema na kurudi zangu kazini. Sitaki kuketi na wageni kama mgeni.

Kuria

*

Njabini
7 Novemba 2004

Kwa Baba Kui,

Sisi wazima. Waweru amekwenda hospitali mwenyewe bila kumwambia mtu na amerudi na dawa ya kikohozi ambayo anasema ni ya koo. Ndama amezaliwa, dume, hatumlaumu.

Nilikwenda kwa Were, karani wa maziwa, nikaazima kipimo. Aliniuliza ni cha nini, nikamwambia ni cha kanisa, na Mungu anajua sikudanganya sana. Nilikitumbukiza kwenye pipa. Kikazama. Nikakiweka kwenye maji ya kisima, kikatokeza kichwa kama ulivyosema. Nikaongeza maji kikombe kimoja kwenye jagi la divai, kikapanda kidogo. Nikaketi juu ya ndoo.

Neno linalofuata silijui kuliandika, hatukulelewa nalo. Macharia atakuletea maharagwe ya njahi debe moja na kuku wa kienyeji. Ni jogoo, usimchinje, muongeze kwa wale saba.

Umeuliza kama nilikuwa nakupima. Nilisahau, lakini sidhani nilisahau kabisa. Wakati nafunga kifuniko cha mtungi nilijua naupeleka kwa nani, na mkono haukusimama. Sijui nikwambie nini zaidi ya hapo. Nimejiuliza shambani na kanisani na sijapata jibu moja.

Na mara mbili umeniuliza Kui anasemaje. Sikukujibu kwa sababu hasemi. Tangu Julai kila nikimtajia Waithaka anachukua ndoo akakame, hata saa ambayo si ya kukama, ng'ombe wananitazama mimi. Nilipomwambia habari ya maji alikwenda kusahihisha madaftari. Nilidhani ni hasira. Ndiyo maana niliandika usiniulize.

Barua yako ya mwisho nilimpa aisome. Nisamehe, haikuwa yake. Aliisoma amesimama mlangoni, akairudisha kwenye bahasha na kulamba gundi kama ambayo haijafunguliwa. Kisha akauliza lori la Macharia huondoka saa ngapi Jumamosi.

Nimemwambia saa kumi na moja alfajiri. Anakuja tarehe 20. Sijui anakuja kusema nini.

Karanja sijamwambia kitu bado.

Dada yako,
Wangu

*

Waithaka
21 Novemba 2004

Kwa Wangu,

Jogoo amefika na tayari amegombana na wote saba. Njahi nimeipokea na nimeielewa. Tusirudi huko.

Kui alifika saa tatu asubuhi akiwa na vumbi la kabeji kwenye mabega. Mara ya mwisho kuingia nyumba hii alikuwa na miaka tisa, siku ulipomchukua baada ya kumzika mama yake. Alisimama uwanjani akaangalia, nami nikamtafutia kiti, nikakipangusa, nikakipangusa tena. Alisema, "Baba, nimekuja tufunge chupa." Nikasema sawa. Nilikuwa na maneno mengine niliyoyaandaa tangu Jumatano lakini hayakuonekana.

Nilikuwa nimepanga kila kitu juu ya meza. Chupa ishirini na saba, magome yameloweshwa, mashine imepakwa mafuta ya kupikia kwenye viungo, mpira mpya wa kutolea divai mtungini. Mtungi nikauweka juu ya stuli, nikaingiza mpira. Hapo nikakwama. Nitakwambia ukweli, nilikuwa nimekwama hapo wiki tatu. Divai haiingii mpirani yenyewe. Mtu hunyonya ncha ya chini mpaka ije, ndipo iteremke. Kitabu kimeandika hilo kwa neno moja tu, kama jambo dogo. Nimelizunguka kila upande: nimefikiria pampu ya baiskeli, nimefikiria kumwita Nakhumicha kutoka Kilimani, nikaona aibu kumweleza. Sasa nimesimama mbele ya binti yangu na ncha ya mpira mkononi, ninaikagua kana kwamba ina ufa.

Alinitazama. Akatazama mpira. Akauchukua mkononi mwangu, akapiga goti, akavuta, akatema vumbini, akauelekeza kwenye chupa ya kwanza. Alipangusa mdomo kwa kanga yake, akasema, "Ni kali. Imeiva."

Tukafanya kazi. Yeye alijaza, mimi nilibana. Mashine ile unaishusha mikono yake yote miwili pamoja, na gome linaingia bila kelele. La kwanza niliingiza upande, akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka akiwa mtu mzima. Anacheka kama mama yake, kwa pumzi. Tulipata chupa ishirini na sita. Iliyobaki haikufika nusu, akaimwaga kwenye sukuma wiki bila kunishauri. Tutaona kama sukuma hulewa.

Kisha nikanawa mikono na kuuliza nilichokuwa naogopa. Nikamwambia, Kui, wakija wale watu, popote itakapokuwa, anayeshika kikombe cha kwanza hukinywa. Karanja anaweza kunywa, hana shida na kikombe kimoja. Mimi nikishika, aidha nitakinywa nipotee, au nitakataa mbele ya wakwe na waseme nimekataa mtoto wao. Nimelifikiria na sioni njia. Nikamwambia kwamba Kinoo ni sawa, sitakasirika.

Alikuwa anafuta chupa. Akasema, "Baba, kabla ya kikombe wazee huuliza nani?"

Nikasema huuliza msichana. Husimamishwa mbele akaulizwa kama pombe iliyoletwa inywewe au irudishwe.

"Basi wataniuliza mimi. Nitawaambia inywewe na kila mtu isipokuwa Baba. Baba atashika chupa ikiwa imefungwa, aseme ameipokea, ampe Tata Karanja aifungue." Akaweka chupa chini. "Na Mwololo nimeshamwambia kwa nini. Amesema kwao hata soda hupokewa."

Nilimwambia kwamba Karanja haitwi tata, tata ni shangazi, yaani wewe. Akasema amelelewa na tata mmoja muda mrefu mpaka anawaita wote hivyo.

Halafu akatoka nje akaanza kutembea hatua ndefu kutoka ukutani mpaka kwenye ua, akihesabu kwa sauti kama mchumba wake mpima mashamba. Akarudi upande wa pili. Nikamuuliza anapima nini. Akasema hema la watu themanini ni hatua kumi na tano kwa tisa, na hapa linaingia ikiwa banda la kuku litasogezwa.

Lori la Macharia lilimchukua saa nane. Leo ni Jumapili na sikwenda ibadani, niombee msamaha. Nimeng'oa nguzo mbili za banda na mabati yote, kuku wako jikoni na jogoo wako yuko juu ya meza. Mwambie Karanja atuletee viti themanini hapa Waithaka ifikapo tarehe 17. Mwambie wewe, mimi nina misumari mdomoni.

Kuria